Nuru Kwanza, Uzito Baadaye

Nimekulia Mwadui, na Mwadui sikumwona mtu aliyevaa almasi. Wageni hushangaa ninapowaambia hivyo. Wanadhani mji uliojengwa kando ya mwamba wa almasi wenye eneo la hekta 146, mmoja wa mikubwa zaidi inayochimbwa duniani, lazima wanawake wake walikuwa wakimeremeta kuanzia masikioni hadi vidoleni. Mama zetu walivaa khanga na hereni za dhahabu walizonunua Shinyanga mjini au Mwanza. Almasi ilikuwa kazi ya baba. Ilitoka chini, ikapita mikononi mwa watu waliopekuliwa kila walipotoka zamu, ikapanda ndege, ikaenda zake.

Baba alifanya kazi kwenye meza za grisi. Mwamba ulisagwa, ukaoshwa, changarawe nyepesi zikatupwa, na zile nzito zikapitishwa kwa maji juu ya meza iliyopakwa grisi nene. Mawe mengine yote hulowa, na jiwe lililolowa huteleza likaenda na maji. Almasi hailowi. Inakataa maji na kushika mafuta, kwa hiyo inanasa hapo hapo. Grisi ikikwanguliwa na kuyeyushwa, almasi zinabaki chini. Baba aliweza kueleza jambo hili mara mia bila kuchoka, akisugua kidole gumba na cha shahada kana kwamba bado ameshika ile grisi.

Sikujua kwamba elimu ya kwanza niliyohitaji katika maisha yangu ya kuuza vito ilikuwa hiyo. Wateja wengi walionirudia wakilalamika kwamba almasi yao "imekufa" walikuwa na jiwe zima kabisa. Mafuta ya kupaka mikono, mafuta ya nazi, samli ya kukandia chapati, vyote hivyo huganda kwenye almasi, hasa upande wa chini usioonekana, na mwanga hauwezi tena kuingia na kutoka sawasawa. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya kuoshea vyombo, mswaki laini wa mtoto, dakika chache, na jiwe linafufuka. Usitumie dawa ya kufulia yenye klorini, kwa sababu inadhuru dhahabu iliyochanganywa na metali nyingine. Nimewaona watu wamekwenda kuuza pete kwa bei ya kutupa kwa sababu tu hawakuwahi kuiosha kwa nyuma.

Jiwe lililosimuliwa zaidi nyumbani kwetu lilikuwa la waridi. Dakta Williamson, yule mwanajiolojia wa Kanada aliyeugundua mgodi mwaka 1940, alipata mwezi Oktoba 1947 almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5, akamzawadia Binti Mfalme Elizabeth aliyekuwa anaolewa Novemba mwaka huo. Ilikatwa London mwaka 1948, na mwaka 1953 Cartier wakaiweka katikati ya ua la almasi nyeupe, bruchi ambayo Malkia aliivaa miaka mingi. Lakini lililonisumbua utotoni halikuwa Malkia. Ni hesabu. Jiwe liliingia kwa mkataji likiwa na karati 54.5, likatoka likiwa na 23.6. Zaidi ya nusu ilipotea, na watu wazima walisimulia hivyo bila huzuni yoyote.

"Sasa nyingine ilikwenda wapi?" nilimuuliza baba.

"Muulize mjomba wako. Wao ndio wanaozila."

Mjomba alikuwa mkataji Iringa, kwenye kiwanda cha Tancut, siku zile ambapo nchi yetu ilikuwa ikikata baadhi ya almasi zake yenyewe. Likizo moja nilipelekwa huko, na nikaruhusiwa kusimama nyuma yake. Mbele yake kulikuwa na gurudumu la chuma cha kusubu, limelala ubavu, linazunguka kwa kasi hadi unaona kama limetulia. Lilipakwa unga wa almasi uliokorogwa na mafuta, kwa sababu hakuna kitu kingine kinachoweza kuisugua almasi ila almasi. Jiwe lilibanwa kwenye ncha ya mkono wa chuma. Mjomba aliushusha ule mkono, jiwe likagusa gurudumu kwa sekunde chache likatoa sauti nyembamba, akaunyanyua, akafuta mafuta kwa kitambaa, akaweka lenzi jichoni, akatazama. Akaushusha tena. Akaunyanyua. Asubuhi nzima, kwa uso mmoja mdogo kuliko kichwa cha pini. Wakati mwingine alizungusha jiwe kidogo kabla ya kulirudisha, kwa kuwa almasi ina upande inaokubali kusuguliwa na upande inaokataa kabisa, na mkataji huusikia kwa mkono.

"Mjomba, mbona unalimaliza jiwe?"

"Ninachokitoa, mama, ndicho kinachozuia mwanga," alisema bila kugeuka. "Nikikiacha, tajiri atapata jiwe zito lililolala. Nikikitoa atapata dogo lililo macho."

Kisha akaniambia jambo ambalo nimelitumia kila siku ya kazi yangu. Kwamba kutoka kwenye jiwe ghafi lilelile mkataji anaweza kutoa almasi nzito iliyofifia au almasi nyepesi inayowaka, na kwamba wanaolipa hupenda uzito, kwa hiyo wakataji wa dunia nzima hushawishika kuuacha uzito pale usipotakiwa. Almasi ya duara yenye nyuso 57 au 58, ile tunayoiona kwenye pete nyingi, hufanya kazi kwa njia moja. Mwanga unaingia kwa juu, unagonga nyuso za chini, unarudishwa, unatoka tena kwa juu kuelekea jichoni mwako. Marcel Tolkowsky, kijana kutoka familia ya wakataji, alipiga hesabu za pembe hizo na kuzichapisha mwaka 1919, na mpaka leo wataalamu hawajaenda mbali sana na vipimo vyake. Upande wa chini ukiwa na kina kuliko inavyotakiwa, mwanga unatokea pembeni na katikati ya jiwe panakuwa na giza. Ukiwa bapa mno, mwanga unapita moja kwa moja na jiwe linaonekana maji matupu. Ardhi huipa almasi rangi yake na kasoro zake. Kuwaka kwake kunatoka kwa mtu aliyekaa kwenye gurudumu.

Nilipokuja Dar es Salaam nilipata kazi kwa mzee mmoja sonara, upande wa Kisutu, ambaye babu yake alivuka bahari kutoka Gujarat. Sehemu kubwa sana ya almasi za dunia hukatwa huko Gujarat, katika jiji la Surat, na mzee alikuwa na ndugu kwenye viwanda hivyo. Nilimwita mzee, naye aliniita binti mpaka nilipopata mvi. Somo lake la kwanza lilifanyika mlangoni. Aliweka almasi mbili juu ya karatasi nyeupe chini ya taa za duka, akaniuliza ipi nzuri. Zote mbili zilikuwa zinatoa cheche. Akazichukua, akatoka nazo mpaka kwenye kivuli cha baraza, mahali pasipo na taa wala jua la moja kwa moja.

"Sasa tazama, binti."

Moja iliendelea kuwaka. Ya pili iligeuka kijivu, na katikati yake palikuwa na duara la giza.

Taa za maduka ya vito huchaguliwa kwa makusudi. Ni kali, ndogo, na ziko nyingi, na chini yake hata kioo kizuri hutoa cheche. Mwanamke hataivaa pete yake chini ya taa hizo. Ataivaa ofisini, kwenye daladala, msibani, jikoni saa kumi na mbili jioni. Kwa hiyo kabla hujauliza bei, omba ruhusa ya kulitazama jiwe dirishani au barazani, kwenye kivuli. Muuzaji mwaminifu atakusindikiza mwenyewe. Akikataa kabisa, na akaanza kukueleza habari za wezi, mshukuru uondoke.

Jambo la pili ni kuuliza kipenyo kwa milimita. Wanunuzi wengi hawaulizi, na ndilo linalonitia uchungu zaidi. Karati ni uzito tu, gramu 0.2. Haikuambii jiwe linaonekana kubwa kiasi gani. Almasi ya duara ya karati 1 iliyokatwa vizuri huwa na upana wa milimita 6.4 hadi 6.5. Nimeshika mawe ya karati 1 yenye milimita 6.1, ambayo kwa jicho ni sawa na jiwe zuri la karati 0.85. Karati zilizobaki zimefichwa chini, ndani ya pete, mahali pasipoonekana. Ni kama kununua mchele uliochanganywa na kokoto: mizani haidanganyi, lakini shibe hakuna. Na mnunuzi huyo amelipa bei ya karati 1 kamili, ambayo kwa kila karati huwa juu kuliko ya 0.95, kwa sababu bei za almasi huruka kwenye namba fulani: 0.50, 1.00, 1.50. Ukitafuta jiwe la 0.90 au 0.95 lililokatwa kwa daraja la juu, una milimita 6.2 au 6.3 kidoleni, na hakuna mtu atakayekusimamisha barabarani na rula.

Kuhusu rangi na usafi nitapita haraka, maana maduka huvizungumza kupita kiasi. Rangi hupangwa kwa herufi kuanzia D, isiyo na rangi kabisa, hadi Z yenye umanjano unaoonekana wazi. Ukilichomeka jiwe kwenye dhahabu ya njano, dhahabu yenyewe hulipaka jiwe umanjano wake, kwa hiyo kulipia D ni kutupa pesa. J au K itakaa vizuri kabisa. Kwenye dhahabu nyeupe au platini tafuta G au H. Usafi hupimwa kwa lenzi ya kukuza mara 10, na madaraja ya juu kabisa hutofautiana kwa vitu ambavyo hata mimi huvitafuta kwa shida. Kinachotakiwa ni kwamba jicho tupu lisione kasoro. Mara nyingi daraja la VS2, au SI1 lililochaguliwa kwa uangalifu, linatosha. Lakini angalia mahali pa kasoro. Ufa unaofika kwenye ukingo ni hatari, kwa sababu almasi ni ngumu kukwaruzika lakini inapasuka ikigongwa upande wake dhaifu. Watu huchanganya mambo hayo mawili. Nimeona almasi iliyokatika ukingo kwa kugonga sinki la jikoni.

Mawe yasiyo ya duara, kama yenye umbo la yai au la tone, yana hila zake. Chezesha jiwe mkononi uone kama kuna kivuli cheusi kinachokatiza katikati. Kikibaki hapo kila unapoligeuza, achana nalo.

Nije kwenye cheti. Mwaka mmoja mwanamke kijana alimletea mzee pete ili ipunguzwe ukubwa. Mchumba wake aliinunua safarini, katika duka ambalo sitalitaja, na kulikuwa na cheti kizuri kilichofunikwa plastiki. Mzee alisafisha jiwe, akaweka lenzi, akatazama ukingo wa kati, ule mkanda mwembamba unaotenganisha sehemu ya juu na ya chini. Mawe mengi yenye vyeti vya taasisi kubwa huandikwa namba ya cheti hapo kwa miale ya leza, maandishi madogo kuliko unywele. Akatazama muda mrefu. Kisha akanipa lenzi bila kusema kitu. Namba ilikuwapo, na haikuwa ya kile cheti. Cheti kilikuwa cha kweli, na jiwe lilikuwa almasi ya kweli, ila cheti kilikuwa cha almasi nyingine, bora zaidi. Yule binti alikaa kwenye kiti cha wateja akaanza kuuliza kama harusi inaweza kuahirishwa. Mzee alimwagizia chai, akamwandikia kwa mkono wake alichokiona, uzito, kipenyo na namba, ili mchumba wake apate la kudai. Walirudishiwa sehemu ya pesa baada ya mabishano marefu.

Kwa hiyo cheti peke yake hakitoshi. Lazima kifungwe kwenye jiwe. Muombe muuzaji akuonyeshe namba kwenye mkanda kwa lenzi yake. Kisha ingia kwenye tovuti ya taasisi iliyotoa cheti, uandike namba, ulinganishe uzito na vipimo. GIA ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1931, ndiyo iliyotunga mpangilio huu wa herufi na madaraja, na haiuzi almasi, jambo ambalo ni la msingi. Ziko taasisi nyingine, na baadhi yake hupanga kwa ulegevu, kwa hiyo "G" ya hapa si lazima iwe "G" ya kule. Barua iliyoandikwa na duka lenyewe ikisifu jiwe lake ni tangazo la biashara. Na kwa mtu wa Tanzania, dai risiti ya EFD inayotaja uzito wa jiwe, aina yake na kiwango cha dhahabu. Risiti iliyoandikwa "pete 1" haitakusaidia siku ya ugomvi.

Kuna mtego mwingine unaowanasa hasa wanaonunua hereni na bangili: karati za jumla. Pete yenye vijiwe 20 vinavyofikisha karati 1 kwa pamoja ni kitu tofauti kabisa na pete yenye jiwe moja la karati 1, na bei yake inapaswa kuwa chini sana. Uliza kila mara: hii namba ni ya jiwe la katikati au ni ya yote?

Watu wa pwani, na ndugu zetu wa Oman na Ghuba, tumezoea dhahabu ya karati 21 au 22 (hapa karati ni usafi wa dhahabu, si uzito), na wengi hudhani chini ya hapo ni kudhulumiwa. Kwa kidani sawa. Kwa almasi si sawa. Dhahabu safi ni laini, na kucha zinazoshika jiwe zinatakiwa kuwa imara. Karati 18, yenye chapa ya 750, au 14 yenye chapa ya 585, inashika jiwe vizuri zaidi. Kucha sita ni bora kuliko nne kwa mtu anayefanya kazi kwa mikono, kwa sababu moja ikikatika nyingine zinabaki na jiwe. Dhahabu nyeupe hupakwa rodiamu ili ing'ae, na rangi hiyo hufifia baada ya muda, kwa hiyo panga kuirudisha kwa sonara ipakwe upya. Na kila baada ya miezi kadhaa itikise pete karibu na sikio lako. Ukisikia mlio, usiivae tena mpaka ikazwe.

Kuhusu bandia, watu huogopa kuliko inavyostahili na wakati huohuo hawaogopi panapostahili. Zirkonia ya kutengenezwa, iliyojaa sokoni tangu miaka ya 1970, ni nzito kuliko almasi ya ukubwa uleule kwa zaidi ya mara moja na nusu, na sonara huijua kwa mizani. Moisanaiti hudanganya zaidi. Inapitisha joto karibu sawa na almasi, kwa hiyo kile kifaa cha kalamu cha kupimia joto, ambacho wauzaji wengi wanacho na hukionyesha kwa fahari, kinaweza kusema "almasi" mbele ya moisanaiti. Lakini ukiitazama kwa lenzi ukiwa umeiinamisha kidogo, mistari ya nyuso za chini huonekana miwilimiwili. Almasi haifanyi hivyo. Kupuliza jiwe pumzi, kulisomea gazeti, kulikwaruza kwenye kioo, hayo yote waachie watu wa vijiweni.

Swali ninaloulizwa zaidi siku hizi ni la almasi za maabara. Nitasema wazi: ni almasi. Kampuni ya General Electric ya Marekani ilitengeneza almasi kwa mgandamizo na joto kali mwaka 1954, na leo kuna njia mbili kuu za kuzikuza, kwa mgandamizo au kwa gesi. Kaboni ileile, ugumu uleule, mwanga uleule. Lenzi haitakuambia tofauti. Ni mashine za maabara ndizo zinazojua. Tofauti yake kubwa ni bei, ambayo imeporomoka mwaka hadi mwaka kwa sababu viwanda vinaweza kuzalisha kadiri vinavyotaka. Mimi ni mtoto wa mgodi, na moyo wangu uko kwenye jiwe lililotoka ardhini, kwenye mikono ya akina baba. Hata hivyo sitamwambia kijana mwenye mshahara wa kawaida akakope benki ili aheshimu kumbukumbu zangu. Anunue ya maabara kama anaipenda, mradi anailipia bei ya maabara, cheti kinasema ni ya maabara, na hategemei kuiuza kesho. Uovu ni pale ambapo inauzwa kimyakimya kwa bei ya ile ya ardhini, na hilo linatokea, hasa kwenye vijiwe vidogo visivyo na vyeti.

Na hata ile ya ardhini usiinunue kama akiba. Naumia ninapomsikia mtu akiambiwa kwamba almasi ni kama kiwanja. Dhahabu ina bei ya dunia inayotangazwa kila siku, na sonara yeyote atakupimia akulipe. Almasi haina bei moja. Ukitoka nayo dukani, anayeinunua kwako atalipa chini sana ya ulichotoa, hata kama ni nzuri. Wazo kwamba almasi haiachwi wala haiuzwi lilisukwa na matangazo. Ile kaulimbiu ya De Beers kwamba almasi ni ya milele iliandikwa mwaka 1947 na Frances Gerety, mwandishi wa matangazo wa Marekani, na ilifanya kazi yake vizuri sana. Ziko almasi chache mno zinazopanda bei. Oktoba 2022 jiwe la waridi la karati 11.15 lililokatwa kutoka almasi ya Mwadui liliuzwa kwenye mnada Hong Kong kwa dola milioni 57.7. Hilo halina uhusiano wowote na pete za Kisutu.

Mwezi uliofuata mnada huo, Novemba 2022, bwawa la tope la mgodi wa Mwadui lilipasuka na tope likafunika mashamba na nyumba za watu. Nilikuwa Dar, nikapiga simu nyumbani siku nzima. Tangu hapo siwezi kuuza jiwe bila kuzungumzia lilikotoka. Mpango wa Kimberley, ulioanza kutumika mwaka 2003, unadhibiti almasi ghafi zinazofadhili waasi wa vita, na Tanzania ni mwanachama. Ni jambo jema, lakini haukuwekwa kuangalia mshahara wa mchimbaji, wala ukuta wa bwawa, wala jiwe likishakatwa. Muulize muuzaji jiwe lilichimbwa nchi gani. Wengi hawajui. Wanunuzi wakiuliza kila siku, watalazimika kujua.

Kwa wanaopita barabara ya Shinyanga kwenda Mwanza na kusimama Maganzo: mtu akikufuata kwenye gari akakufungulia karatasi yenye jiwe ghafi, usitoe pochi. Mara nyingi ni kipande cha kioo au kwatzi. Na kama ni almasi kweli, kununua bila leseni ni kosa la jinai, na huenda jiwe limetolewa mgodini usiku na wabeshi, wale wanaoingia mgodini kwa siri, waliohatarisha maisha yao. Tangu mwaka 2019 kuna masoko ya madini yanayosimamiwa na serikali. Wenye leseni hununua huko.

Mwaka jana mpwa wangu alikuja na mchumba wake, mwalimu wa sekondari, wakiwa na bahasha na picha kwenye simu: pete ya karati 1, dhahabu nyeupe, punguzo la asilimia 50. Niliwauliza kipenyo, hawakujua. Tukaenda pamoja dukani. Jiwe lilikuwa na milimita 6.0, kina kirefu, na cheti cha taasisi ambayo sikuwahi kuisikia. Nikawaomba wasiamue siku hiyo. Wiki iliyofuata, kwenye duka jingine, mpwa wangu alisimama kwenye kivuli cha mlangoni na mawe matatu kwenye karatasi nyeupe, nami nikanyamaza kabisa. Alichagua la katikati: karati 0.72, rangi J, VS2, milimita 5.8, ukataji wa daraja la juu.

"Shangazi, hili ni dogo kuliko lile, lakini naliona hata nikilisogeza mbali," alisema.

Likawekwa kwenye dhahabu ya njano ya karati 18, kucha sita, namba kwenye mkanda ikasomwa na kulinganishwa na tovuti mbele yetu sote. Mchumba wake alidai risiti iandikwe kila kitu, pamoja na siku 14 za kurudisha, na muuzaji akaandika. Kilichobaki kwenye bahasha kilinunua mabati ya chumba chao cha pili kule Chanika.